Siku kumi, watu sita, gari moja: kuzunguka magharibi mwezi wa nane

Swali limetoka kwa binti wa Lanet, hapa Nakuru. Nalifupisha: "Mzee wetu, hujambo? Tuko marafiki sita, tulisoma pamoja. Wawili wanaishi Ujerumani na watakuja mwezi wa nane, likizo yao ya kiangazi. Tuna siku kumi. Tunataka kuzunguka kwa gari: Kisumu, Rusinga, Kakamega, Mlima Elgon, Iten, Baringo, kisha turudi Nakuru. Mmoja anasisitiza tuongeze Masai Mara, mwingine anataka Turkana. Tukodi gari gani, tuanzie upande gani, tuchange vipi pesa, na tufanye nini tusije tukarudi hatusemezani?"

Sijambo, binti yangu. Nimeendesha matatu, na baadaye magari ya watalii, kutoka mji huu kwa miaka ishirini na sita, na vikundi vya marafiki ndivyo vilivyonifundisha mengi kuliko wazungu wote niliowabeba. Swali lako la mwisho ndilo zito. Nitalifikia.

Kwanza hicho kiangazi. Kiangazi ni cha Ujerumani. Huku kwetu mwezi wa nane ni mvua na baridi. Kericho, Kakamega na Kitale asubuhi kunang'aa, saa saba mawingu yanakusanyika, saa tisa yanamwaga. Ukavu wenyewe ni Januari na Februari. Waambie hao wawili waje na sweta na koti la mvua, wasije na kaptura tupu wakidhani Afrika nzima ni Mombasa. Lakini kama likizo yao ni Agosti, basi njooni Agosti. Shukuruni tu kwamba si Agosti ya 2027, kwa sababu tarehe 10 mwezi huo nchi itakuwa inapiga kura, na wakati wa uchaguzi mimi huegesha gari nyumbani.

Agosti inawezekana vizuri kabisa mkipanga safari kwa saa. Vijana wengi hupanga kwa kilomita: leo mia mbili, kesho mia tatu, mbona ni karibu. Mimi nataka uandike kwenye karatasi kila siku gari linaondoka saa ngapi na linazimwa saa ngapi. Liondoke saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lizimwe saa tisa alasiri. Hapo mmeikwepa mvua, na mmelikwepa giza. Jua la Kisumu huzama kama saa moja kasoro robo, na baada ya hapo barabara ni ya malori yasiyo na taa za nyuma, bodaboda zisizo na taa kabisa, ng'ombe waliochelewa kurudi, na matuta yasiyopakwa rangi. Wala msijifanye mashujaa kutoka saa kumi alfajiri, maana Mau Summit saa hiyo ukungu ni mzito, hata pua ya gari lako huioni. Na simu ikikwambia Kisumu ni saa tatu na nusu, wewe weka tano. Simu haijui kuhusu chai.

Kwa hesabu hiyo, Masai Mara na Turkana zinajiondoa zenyewe. Kutoka Kitale hadi Lodwar pekee ni karibu kilomita 300 za kwenda, bado kurudi. Mara iko upande mwingine kabisa na inastahili safari yake. Mlima Elgon nao nauweka kando, ingawa najua utanuna. Njia za ndani ya mbuga ni za udongo, Agosti zinateleza kama sabuni, na bila gari la magurudumu yote manne mtashinda mkilisukuma. Nitakupa kitu badala yake, tukifika Kitale.

Sasa upande wa kuanzia, maana hapa watu hawafikirii. Anzeni na Kisumu, mrudi kwa Baringo. Sababu ni mteremko mmoja. Barabara ya Nakuru kwenda Mau Summit ndiyo inayobeba mizigo ya Mombasa kwenda Uganda, Rwanda, Kongo na Sudan Kusini. Kutoka Salgaa hadi Sachangwan ni kupanda. Mnaenda mkiwa wabichi, mnapanda polepole nyuma ya lori, hamna hasara ila dakika. Hatari iko kwa anayeshuka. Wapo madereva wa malori wanaoweka gia huru pale ili kuokoa dizeli, breki zinabeba tani ishirini na kitu peke yake, na kufika chini hazipo. Ukiwa unashuka na jua la jioni, umechoka siku kumi, unasikia harufu ya breki zinazoungua na hujui ni zako au ni za aliye nyuma yako. Pale Sachangwan tarehe 31 Januari 2009 lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka, wakafa zaidi ya mia moja. Mbele kidogo, njia panda ya Londiani, tarehe 30 Juni 2023, lori lilikosa mwelekeo likavamia kituo cha magari na wachuuzi, zaidi ya watu 50 wakafa jioni moja. Londiani hamwezi kuikwepa mkienda Kericho. Mpite asubuhi, mwendo wa chini, na msisimame kwenye njia panda kununua chochote. Sachangwan ya kushuka mtaikwepa kwa kurudi na barabara ya Marigat na Mogotio, ambayo ina malori machache sana.

Gari. Usikodi mawili madogo. Najua ni kishawishi, kila kundi na muziki wake. Lakini dereva wa gari la pili huwa anamfuata wa kwanza kwa macho yaliyofumbwa: wa kwanza anapita lori, wa pili naye anapita bila kutazama ili asiachwe. Nimeona. Chukueni moja. Kumbuka tu kwamba gari la viti saba ni la watu watano, kwa sababu kiti cha nyuma kikikaliwa buti inabaki upana wa kiganja. Kwa sita, ama lenye keria juu na turubai la kufunikia mizigo, ama lile la viti tisa. Mabegi yawe ya kitambaa, yanayokunjika. Sanduku gumu moja la uwanja wa ndege linakula nafasi ya mtu.

Na kabla hujalipa, shusha tairi la spea ulijaribu kwenye gurudumu. Usiliangalie tu, lijaribu. Mwaka mmoja nilikodi gari la nyongeza kwa kampuni fulani, nisiitaje, kuwabeba walimu kumi. Tulipasuka tairi tukishuka Tambach. Nikatoa jeki, nikalegeza nati, nikashusha spea, nzuri, mpya, meno yake hayajaguswa. Nikaipachika: gari lina boliti tano, rimu ina matundu manne. Ilikuwa ya gari jingine. Tulikaa kwenye kona ile, upande huu mwamba, upande huu bonde la Kerio liko chini kama liko nchi nyingine, hadi mwenye pikapiki akanibeba na tairi bovu mapajani mpaka kwa fundi Iten. Mmoja wa walimu bado hunikumbusha tukikutana sokoni. Basi: spea, jeki, spana ya magurudumu, vipembetatu viwili vya kuakisi, kizima moto, sanduku la huduma ya kwanza, na bima ambayo muda wake haujaisha. Polisi wanaweza kuviulizia.

Madereva wawe wawili, wakibadilishana kila saa mbili, hata kama hujachoka. Hao wa Ujerumani wasiguse usukani siku tatu za kwanza. Wamezoea kuendesha upande wa kulia, na makosa hayatokei mjini wanapokuwa makini. Hutokea asubuhi wakitoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu.

Haya, njia yenyewe. Siku ya kwanza, kiamsha kinywa mle Kericho, kati ya majani chai, mvua haijaamka. Mkiteremka kuelekea Awasi mtaanza kuvua sweta mmoja mmoja. Ahero mtaona mashamba ya mpunga, na saa saba mko Kisumu. Kesho yake pumzikeni hapo. Mashua ya ufuo wa Dunga iwe asubuhi, kwa sababu baada ya mchana upepo wa ziwa hubadilika na mawimbi yanapanda. Kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, na kama mwenye mashua ana matano kwa watu sita, tafuteni mashua nyingine. Msiogelee wala kutembea kwenye maji ya ukingoni penye matete; kuna kichocho, na viboko wanaishi humo. Chakula cha mchana ni ngege, yaani tilapia, mzima wa kukaanga na ugali, mnakula kwa mikono. Wa uma nitamsikitikia.

Hapa niseme la malaria. Watu wa Nakuru hujiona wenyeji kila mahali. Mwili wa aliyekulia nyanda za juu hauijui malaria ya ziwa, na hao walioishi Ujerumani miaka mingi wamepoteza hata kinga kidogo waliyokuwa nayo. Wote sita mmwone daktari kabla ya safari awaeleze dawa za kujikinga, na mlale ndani ya chandarua. Mtu akipata homa, hata wiki mbili baada ya kurudi, apimwe siku hiyo hiyo.

Siku ya tatu mnashika barabara ya Bondo. Njiani kuna Kit Mikayi, yale mawe makubwa yaliyopandiana, kama kilomita 30 kutoka Kisumu. Simameni, mpande na kijana wa pale, mumlipe. Kisha Ndori, mpaka Luanda Kotieno, mnapanda feri na gari lenu hadi Mbita. Feri haina safari nyingi kwa siku, na ikijaa imejaa, kwa hiyo uliza saa zake jioni ya kuamkia na mfike mapema. Mkiwa Mbita, daraja linawaingiza Rusinga. Kaburi la Tom Mboya liko huko, waziri aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969, na ni kisiwa hicho hicho Mary Leakey alipopata mwaka 1948 fuvu la Proconsul, nyani wa kale wa mamilioni ya miaka. Laleni hapo. Ukiamka alfajiri utaona omena, dagaa wa ziwani, wakianikwa kwenye nyavu ufukweni, na harufu yake itawafuata kwenye nguo mpaka Kitale. Siku ya nne rudini Kisumu kwa nchi kavu, Homa Bay na Kendu Bay, ambako kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, duara kama sufuria.

Kakamega ni karibu, kilomita hamsini tu, kwa hiyo siku ya tano ni fupi kwa makusudi. Mtapita Jiwe la Ilesi linalotoa machozi, piga picha, endelea. Msitu ndio habari. Ni kipande cha mwisho, upande wa mashariki, cha ule msitu mkubwa wa Kongo, na mtu wa Nakuru aliyezoea mikakaya na vumbi la Menengai huingia mle akanyamaza. Kaeni usiku mbili. Chukueni mwelekezaji, mtoke naye giza halijaisha kwenda kilima cha Buyangu, mngoje jua lichomoze juu ya ukungu. Saa nne nyani na ndege wameshajificha, na anayeamka saa tatu atawaambia Kakamega hakuna kitu.

Kutoka hapo mnapanda kwenda Webuye, maporomoko ya Nabuyole kwenye mto Nzoia, kisha Kitale. Kama mwaka wenu unagawika kwa mbili, sikilizeni hapa vizuri: Agosti ya miaka hiyo ndiyo msimu wa tohara ya Wabukusu. Mtakutana na kijana amepakwa unga au udongo, anapiga njuga, na nyuma yake watu mia wanaimba wamejaza barabara. Pisheni. Zimeni muziki wenu, tokeni nje ya lami kabisa, msubiri. Msitoe simu kupiga picha bila ruhusa ya wazee, na msipige honi. Ni shughuli yao, nyinyi ni wapita njia. Mkikaribishwa, pokeeni.

Kile nilichokuahidi badala ya Elgon ni Saiwa, mbele ya Kitale kwenye njia ya Kapenguria. Ndiyo mbuga ndogo kuliko zote za taifa letu, haifiki hata kilomita tatu za mraba, na gari haliingii. Mnatembea kwa miguu kwenye njia za mbao juu ya kinamasi, mnapanda vibanda vya kutazamia, na mkitulia mnamwona nzohe, swala anayeishi majini, ametoa pua tu. Kufika kwake ni alfajiri pia. Binti yangu, naona unachoka na alfajiri zangu.

Viingilio vya mbuga za taifa hulipwa mtandaoni, noti hazipokelewi langoni, na bei ya raia iko mbali sana na ya mgeni. Hao wawili waje na vitambulisho vyao vya Kenya. Bila kitambulisho, Kiswahili safi hakitamshawishi askari.

Siku ya nane mchana mfike Iten kupitia Eldoret, mlale huko, mita 2,400 juu ya bahari, na mtaona mkipanda ngazi tu mnahema. Asubuhi ya tisa wakimbiaji wako barabarani kabla yenu, makundi ya thelathini, arobaini, kwenye udongo mwekundu. Endesheni kama mnapita mbele ya shule. Kisha mnashuka Tambach. Gia ya pili, mguu usikae kwenye breki. Magari mengi ya otomatiki yana gia za 2 na L, na zimewekwa kwa kazi hii. Gusa, achia, gusa, achia. Chini kuna joto kama tanuri. Simameni Cheploch, vijana wanaruka kutoka kwenye miamba hadi mto Kerio. Wapeni chochote. Asiruke yeyote wenu, hata aliyepata medali ya kuogelea shuleni. Halafu mnapanda tena Kabarnet, mnashuka Marigat, mnalala Ziwa Baringo. Usiku msitoke kambini na tochi kutafuta viboko, wao ndio watawatafuta. Kaskazini ya hapo, Loruk na kuendelea kwenda Kapedo, msiende. Usalama wa huko hubadilika kwa siku.

Pesa. Mzunguko huu na vizungukozunguko vyake ni kama kilomita 1,000. Gari lililobeba sita na mizigo, milimani, lihesabie lita moja kwa kilomita tisa, kisha ongeza kidogo kwa makosa ya njia: lita 130. Bei ya mafuta hutangazwa tarehe 14 kila mwezi, basi fanyeni hesabu baada ya tarehe hiyo. Fungueni mifuko miwili. Wa gari: kukodi, mafuta, feri, maegesho, na akiba ya pancha. Huu ulipwe wote kabla ya safari, sawa kwa sawa, kila mmoja kwa M-Pesa kwa mweka hazina, na mweka hazina asiwe dereva. Wa tumbo: kiasi cha kila siku, kinatolewa asubuhi, kikiisha kimeisha. Pombe haimo kwenye mfuko wowote. Kati ya safari zote nilizoona zikivunjika, nusu zilivunjikia kwenye bili ya pombe aliyoilipia asiyekunywa. Na msiwatoze wale wawili zaidi kwa kuwa wanatoka ng'ambo. Watalipa siku ya kwanza wakitabasamu, siku ya sita mtasikia.

Andikeni pia, sasa hivi, nani analipa gari likikwaruzwa. Mimi ningesema wote sita, hata kama aliyeshika usukani alikuwa mmoja, isipokuwa alikuwa amelewa.

Kuhusu kutorudi maadui. Kiti cha mbele kibadilishwe kila siku, bila mjadala, hata kama kuna mwenye miguu mirefu. Muziki ni wa anayeendesha, na kila siku kuanzia saa sita hadi saa saba gari likae kimya. Mara ya kwanza watacheka. Siku ya nne watakuwa wanaisubiri. Usiku mbili za Kakamega nimeziweka makusudi, kwa sababu siku ya tano au ya sita ndipo mtu hukasirika kwa sababu ya kijiko. Siku hiyo asilazimishwe kwenda popote. Anayetaka kulala alale, anayetaka soko aende soko, mkutane kwa chakula cha jioni. Na mkubaliane tangu nyumbani kwamba mmoja akisema "naogopa, punguza," dereva anapunguza, hata kama alikuwa anaenda hamsini, na hakuna anayemtania.

Siku ya kumi mnaanzia Bogoria, kwenye chemchemi zinazochemka. Ulizeni langoni njia iko vipi, maana ziwa limepanda miaka hii na kumeza sehemu ya barabara. Kisha Mogotio, mnasimama kwenye bango la ikweta, na kabla ya saa tisa mko Nakuru. Njiani mtaona asali ya Baringo kwenye chupa. Onja kabla ya kununua, chukua ile nzito ya rangi nyeusi nyeusi, na chupa zisimame wima ndani ya ndoo. Ile ya mwaka jana ilimwagikia mabegi ya watu wanne pale Mogotio, na dereva wenu huyu ndiye aliyeosha buti.